Bi Husuda

Katika nyumba ya akina Malagutti, nje kidogo ya mji wa Ferrara, Italia, picha ile ilikuwa imetundikwa chumba cha kulia tangu enzi za babu wa babu yao. Ilikuwa picha kubwa ya rangi za mafuta, imepiga weusi kwa moshi wa mishumaa na wa sigara za marehemu baba. Mbele aliketi Huruma, mwanamke kijana mwenye mashavu ya kushiba, akiwagawia watoto mkate. Nyuma yake, gizani, alijikunyata Husuda: kizee kilichokauka, nywele zimetimka, nyoka akichungulia kutoka mdomoni mwake, mkononi ameshika moyo wake mwenyewe anautafuna. Bila shaka mchoraji alitaka watu wawe wakila huku wakijichunguza nafsi. Akina Malagutti walikula wakacheka.

Aliyeanzisha kicheko ni Gualtiero. Mdogo wake, Nives, alikuwa msichana mwenye pua ndefu na kidevu kilichochongoka. Siku moja kaka mtu akatazama ukutani, akamtazama dada yake, akapiga meza kwa kiganja. "Jamani, msogezeeni kiti! Bi Husuda ameshuka kula!"

Jina likaganda. Binamu wakalitumia, majirani wakalitumia, hata mama yao lilimponyoka mara mojamoja. Nives alicheka pamoja nao. Angenuna, wangesema si mnaona, ni yeye kabisa.

Kisha akatokea Ivo Zerbini, daktari wa mifugo, mtu mpole wa maneno machache, ambaye Nives alimpenda kwa jinsi alivyozungumza na ng'ombe kabla ya kuwagusa. Alikuja chakula cha Jumapili amefunga tai, na nyumba nzima ilijua amekuja kusema nini. Gualtiero alisubiri sahani zijazwe.

"Daktari," akasema, "wewe ndiye fundi wa meno ya wanyama. Hebu tuamulie. Huyu wa ukutani na huyu aliyekupakulia, nani anauma zaidi?"

Ivo akacheka. Hakuwa na ubaya; kicheko kilimtoka tu kama chafya. Ila Nives alimwona akiinua macho ukutani mara ya pili, safari hii bila kucheka, kama mtu anayepima kitu anachotaka kuchukua nyumbani. Alimaliza kula, akashukuru, na lile neno hakulisema. Baadaye alioa mwanamke kutoka mji wa Rovigo.

Gualtiero naye alioa, akapata binti, Ottavia, akafiwa na mke mapema. Nives akampikia, akamfulia, akamlea mtoto mpaka alipokua akaenda zake kufanya kazi Bologna. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo, wala hakuna aliyemwambia basi. Kaka na dada wakazeeka pamoja, wakila chini ya picha ileile, na ule mzaha ukawa kama chumvi mezani, haukosekani.

Akili ya Gualtiero ilianza kumtoka polepole. Kwanza majina, kisha njia ya kurudi nyumbani kutoka kwa kinyozi. Mchana mmoja Nives alimletea supu, naye akatazama ukutani, kisha akamtazama yeye. Nives akangoja mzaha.

"Ametoka," Gualtiero akanong'ona. Halafu akapiga kelele, "Ametoka ukutani! Mwondoeni! Ananilisha sumu!" Akalisukuma bakuli likavunjikia miguuni mwa dada yake.

Ottavia alikuja, akaishusha picha, akaipeleka stoo. Haikusaidia. Husuda sasa alikuwa anatembea ndani ya nyumba, amevaa aproni ya Nives. Kila alipoingia chumbani, mgonjwa alijifunika shuka usoni akatetemeka.

"Shangazi, si yeye, ni ugonjwa," Ottavia alisema huku analia. "Usiliweke moyoni."

"Niliweke wapi basi?" Nives akamjibu.

Wakamwajiri Aurica, mama wa makamo kutoka Moldova, mwenye mikono yenye nguvu na Kiitaliano cha kukatakata. Nives alipika, akampa bakuli mlangoni, akabaki ukumbini akisikiliza kijiko.

"Supu tamu," alimsikia kaka yake. "Nani kapika?"

"Dada yako, mzee. Nives."

"Nives si wewe hapo? Usinichezee. Kaa, mdogo wangu, kaa karibu."

Tangu siku hiyo Aurica akawa Nives. Gualtiero alimshika mkono, akamkumbusha jinsi walivyovua vyura mtaroni, jinsi alivyombeba mgongoni siku mafuriko yalipoingia uani. Mambo hayo hakuwahi kumwambia Nives mwenyewe utu uzima wao wote. Naye akayasikia kupitia uwazi wa mlango, akimwonea mgeni yule wivu wa kweli, wa kuchoma kifua. Alipoutambua ulivyo, aliogopa.

Alikwenda stoo, akaigeuza picha dirishani. Hakuwahi kuitazama kwa karibu. Kizee hakikufanana naye hata kidogo. Pua yenyewe ilikuwa fupi. Alikuwa mwanamke fulani aliyekalishwa pale na mchoraji, pengine ombaomba, na macho yake yalikuwa yakitazama mkate unavyogawiwa. Ana njaa, Nives aliwaza. Ana njaa tu. Akairudisha ikitazama ukuta.

Mwezi wa Novemba ukungu ulishuka ukakaa. Gualtiero hakuinuka tena. Alasiri moja Nives alikuwa mahali pake ukumbini, ndoo ya kuni mkononi, aliposikia sauti ya kaka yake, nyembamba lakini yenye akili.

"Nives. Yule Ivo. Nilifanya makusudi. Niliogopa utaniacha peke yangu na baba. Nisamehe."

Aurica aligeuza kichwa, akamwona Nives mlangoni. Nives hakuitikia kwa kichwa wala hakukataa. Alihitaji muda kidogo tu, wa kuweka ndoo chini.

"Nimekusamehe, kaka," Aurica akasema. "Lala."

Mzee akavuta pumzi ndefu, akafumba macho.

Nives alimngoja Aurica jikoni. "Nani kakutuma?"

"Mama, mtu anakufa."

"Najua anakufa! Neno lile lilikuwa langu. Ningelisema, au ningemnyima. Langu, Aurica. Sikuwa na kingine katika nyumba hii."

Aurica akakaa, akaufunika uso kwa mikono yake mikubwa. "Basi nenda umwambie, mama. Bado anasikia."

Nives alikwenda. Alifika kitandani, akainama. "Gualtiero, ni mimi."

Mzee alifungua macho, akamwona, akaanza kutetemeka. Nives akarudi kinyumenyume mpaka nje.

Gualtiero alikufa kesho yake asubuhi. Kanisani padri alisema marehemu ameondoka akiwa na amani na wote, hasa na dada yake mpenzi. Ottavia akambana Nives mkono.

"Aurica kanieleza, shangazi. Kwamba alikuomba msamaha, nawe ukampa. Asante. Mtu mwingine asingeweza."

Nives alitazama mbele, kwenye jeneza. Watu wa nyuma walikuwa wanasikiliza.

"Haya, mwanangu," akasema. "Futa machozi. Wanatusubiri makaburini."