Mgonjwa wa Chumba cha Nyuma

Mumewe ndiye aliyeanza kumwita Mwenyekiti, kwa utani, siku alipochaguliwa kuongoza kamati ya kanisa ya kutembelea wagonjwa. Utani ukashika. Baada ya miaka sita hata muuza mkaa alimwita hivyo, na yeye mwenyewe akipokea simu alisema, "Mwenyekiti hapa." Kazi aliijua. Alijua nani hapendi kuombewa kwa sauti na nani hachoki kuombewa, na alikuwa ameandika karatasi ya maelekezo ambayo kila familia yenye mgonjwa wa kitandani ilipewa. Mstari wa kwanza ulisema: Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili.

Kisha mama mkwe wake akapata kiharusi.

Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa, nyumbani wiki moja, njiani wiki sita. Alimleta mama yake, akamlaza chumba cha nyuma, akalia kidogo, akarudi barabarani. Bibi huyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni miaka thelathini, mwenye mikono ya kusonga ugali wa watu mia nne na sauti ya kunyamazisha bwalo zima. Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umepooza, na katika maneno yote ya dunia lilikuwa limembakia moja tu: bado. Mama, umekula? Bado. Umeshiba? Bado. Nizime taa? Bado. Wiki za kwanza walicheka wote wawili, Bibi kwa ile nusu ya mdomo iliyoweza kucheka.

Mwezi wa tatu kicheko kilikwisha. Bibi alikuwa mzito, na kumgeuza peke yake kulimvunja Mwenyekiti mgongo. Saa mbili zikawa nne, nne zikawa nusu siku. Kamati ilikutana sebuleni kwake kila Jumatano kuomba, na Jumatano moja walipoingia kumsalimu mgonjwa, mhazini wao, mwanamke wa maneno machache yenye makali, alisimama mlangoni akavuta pumzi. Akatazama shuka. Akatazama karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani. Akatazama dirisha.

Jumatano iliyofuata Mwenyekiti aliwaambia kuwa Mama amepelekwa kwa wifi yake, mji mwingine, ambako kuna daktari mzuri. Maneno yalimtoka laini, kama mtu anayekaribisha wageni chai. Wakasema amina. Wakamwombea mgonjwa safari njema.

Tangu siku hiyo nyumba ikamfunga. Dirisha la chumba cha nyuma lilitazama njia ya watu, akalifunga na kuning'iniza blanketi. Shuka hakuweza kuzianika uani, majirani wangeuliza za nani. Akazianika bafuni, zikakauka nusu na kunuka uvundo. Nepi za watu wazima alizifuata duka la mbali, akazibeba zimezungushiwa gazeti. Misibani hakukaa zaidi ya saa moja. Mumewe safari hiyo alipangiwa miezi mitatu njiani bila kurudi; simu yake ikilia alisema, "Mama hajambo," na alimshukuru Mungu kwamba mgonjwa hawezi kushika simu. Jumatano zilipofika alifunga mlango wa nyuma kwa ufunguo, akaacha redio ndogo ya betri ikiimba nyimbo za dini mle ndani, sauti juu.

"Wewe umezidi kumpenda Bwana," katibu wa kamati, rafiki yake wa siku nyingi, alimtania. "Hata chumba kitupu unakiimbishia."

Na kila Jumatano waliomba. Walimwombea Mama aliye mbali, afarijike, asijione mpweke. Ukuta ulikuwa wa tofali moja, na Mwenyekiti alijua Bibi anasikia kila neno. Mara nyingine, amina ya mwisho ilipotua, ilisikika chini ya redio sauti nzito: bado. Ndipo alipoanza kuomba kwa nguvu zaidi kuliko wote, wenzake wakasema Roho amemshukia. Alianza pia kutamani Bibi afe kabla mtu hajajua. Hilo hakumwambia mtu, na katika maombi yake yote hakumwambia hata Mungu.

Jumatano ya tisa mhazini ndiye aliyekuwa akiomba. Alikatiza katikati, akainua miguu. "Maji," alisema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiombea.

Yalikuwa yakitoka chini ya mlango wa chumba cha nyuma, yakipita koridoni hadi chini ya makochi.

"Bomba hilo," katibu alisema. "Fundi yuko nyumba ya tatu, nimempita nikija." Kabla Mwenyekiti hajafungua kinywa, alikuwa ameshatoka.

Fundi bomba huyo alijulikana kanisani kwa jambo moja: alikuwa amesimamishwa kushiriki meza ya Bwana. Aliishi na mwanamke bila ndoa ya kanisani, kwa kuwa mume wa kwanza wa mwanamke huyo alitoweka na hakuna aliyejua kama yu hai. Shauri lilipojadiliwa, Mwenyekiti alikuwa mmoja wa walionyoosha mkono asimamishwe. Fundi hakubishana. Jumapili iliyofuata alikuja kama kawaida, akakaa benchi la mwisho, na wenzake walipoinuka kwenda mezani yeye alibaki ameketi.

Aliingia na mfuko wake wa vyuma, suruali imekunjwa hadi magotini. Akasikiliza ukuta. "Limepasuka humu ndani. Ufunguo?"

"Umepotea," Mwenyekiti alisema.

"Umepotea lini?" mhazini aliuliza. "Redio inaimba humo. Aliyeiwasha alipita wapi?"

Mwenyekiti aliinuka. "Nimeuweka mahali asubuhi, nimesahau. Jamani, mtaloa bure. Tuendelee wiki ijayo." Akawasukuma kwa maneno hadi mlangoni. Waliondoka wameshika viatu mkononi, mhazini wa mwisho, akigeuka nyuma mara mbili.

"Dada," fundi alisema walipobaki wawili, "maji hayangoji."

Mwenyekiti alitoa ufunguo kifuani.

Harufu iliwapokea kwanza. Fundi hakuziba pua. Alipita hadi kwenye bomba pembeni ya kitanda, akafunga koki, akazima redio, na katika ule ukimya akavua kofia.

"Shikamoo, Mama."

"Bado," alisema Bibi.

"Sawa. Sina haraka." Akaugusa ubavu wa kushoto wa Bibi, akaona shuka imeloa, na si kwa maji ya bomba. "Dada, shuka kavu unayo? Njoo tumgeuze. Siwezi kuziba bomba huku mtu amelala kwenye unyevu."

Walimgeuza. Chini ya mgongo, pale mfupa unapokaribia ngozi, palikuwa na kidonda kipana kama kiganja, kingo zake nyeusi. Mwenyekiti alikuwa amekiona wiki mbili zilizopita, kikiwa kama sarafu. Tangu hapo alikuwa akimwosha bila kutazama. Sasa alitazama. Akaketi kwenye maji.

"Inuka," fundi alisema bila ukali. "Shika upande huo. Mama yangu nilimuuguza miaka miwili. Usimvute mkono, vuta shuka."

Alimwosha Bibi taratibu, akimweleza kila anachofanya kabla hajakifanya, kama mtu anayebisha hodi. Bibi alimtazama muda wote. Machozi yalimtoka jicho moja.

Walipomaliza, na bomba likazibwa, Mwenyekiti aliuliza alichokuwa akikiogopa. "Utawaambia?"

"Niwaambie nini? Mimi ni fundi bomba. Bomba limepona." Akapanga vyuma vyake. "Lakini wewe peke yako humuwezi huyu, dada. Ungekuwa mimi, nisingemweza pia. Hapo ndipo penye shida, na kunyamaza kwangu hakutakusaidia."

"Unajua kama na mimi nilinyoosha mkono siku ile?"

"Nilikuwepo."

"Sasa kwa nini bado unakuja kanisani?"

Fundi akafunga mfuko wake. "Jumapili nikae nyumbani nifanye nini? Ninayemfuata hajaniambia nirudi."

Asubuhi iliyofuata fundi alikuja na mkewe, yule ambaye kanisa lilisema si mkewe. Mwanamke huyo aliwahi kufanya usafi katika wodi ya wanawake na mikono yake ilijua kazi. Alishusha blanketi dirishani, akalifungua dirisha, akamwambia Bibi habari za mtaa wote tangu alipofungiwa. Siku ya tatu akamleta muuguzi wa zahanati. Muuguzi alikisafisha kidonda, akasema wangechelewa wiki mbili tu kingefika mfupani.

Jumamosi Mwenyekiti alikwenda kwa katibu akamweleza yote. Rafiki yake alilia, akamkumbatia, akajifuta. Kisha akaanza kupanga.

"Jumatano wakija, sema amerudi jana yake. Jumanne. Wifi amesafiri, wamemrudisha. Nani atajua?"

"Mhazini anashuku."

"Kushuku si kujua. Fikiria kanisa, mwenzangu. Fikiria akina mama wanaokutazama wewe wakapata nguvu. Utawavunja wote kwa ajili ya nini? Mgonjwa si anahudumiwa sasa?"

Alirudi nyumbani mwepesi. Njia ya kutoka ilikuwa imepatikana, tena fupi. Siku nne alijizoeza neno lile moja, jikoni, bafuni, akikoroga uji. Jana. Amerudi jana. Kila alipolitamka lilikaa vizuri mdomoni, na kila lilipokaa vizuri alihisi ufunguo ukizunguka tena kwenye kitasa, safari hii yeye akiwa upande wa ndani.

Jumatano walikuja tisa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na Bibi ameegemezwa mito. Walishangilia, wakamsifu Mungu, wakajipanga kuzunguka kitanda. Mhazini alibaki mlangoni.

"Amerudi lini?"

Katibu alimtazama Mwenyekiti, akamwashiria kidogo kwa kichwa. Neno lilikuwa tayari ulimini. Mwenyekiti akamgeukia mama mkwe wake, na ndipo alipoona kwamba ulimwenguni hakuna uongo rahisi kuliko huu. Mwenye habari yake alikuwa hapo hapo, macho wazi, akili timamu, na hana neno la kuukanusha. Wiki tisa alisikia akisemwa hayupo. Sasa angesemwa amerudi, juu ya kichwa chake, naye alale akisikiliza.

"Hakwenda popote," Mwenyekiti alisema. "Alikuwa humu. Mimi ndiye niliyemfungia."

Mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Mhazini aliongea polepole. "Wiki tisa. Sisi tulikuwa tukimwombea nani?" Akatoka. Wengine walimfuata mmoja mmoja. Katibu alipita bila kumtazama, kama mtu aliyetemewa mate.

Barua ya kumvua uenyekiti ilikuwa na mistari mitatu, na ilikuwa ya haki. Mumewe alipoambiwa kwa simu aliomba ruhusa kazini. Alirudi, hakusema naye siku mbili, akakaa kitandani kwa mama yake akimshika mkono. Siku ya tatu alimwambia mke wa fundi amfundishe kuvuta shuka. Wanakamati wawili, si wale waliokuwa wakiomba kwa ufasaha, walianza kuja zamu ya asubuhi. Katibu hakupiga simu tena. Na kazi haikupungua uzito: nepi ni zile zile, mgongo ni ule ule, na Jumapili watu walimpisha kwenye benchi zaidi ya walivyohitaji kumpisha.

Siku moja walipokuwa wawili alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nilikutendea vibaya. Umenisamehe?"

"Bado," alisema Bibi.

Hakujua kama hilo lilikuwa jibu, au ni neno tu lililobaki. Aliuliza tena wiki iliyofuata, akajibiwa vile vile, na mkono wa kushoto wa Bibi ukamgusa shavu, au ukampita ukitafuta shuka. Aliamua kutouliza tena. Atamgeuza saa ikifika, iwe amesamehewa au la.

Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga kingo zake alasiri mhazini alipokuja. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, mkoba kifuani, mtu aliyezoea kuuliza na sasa hajui aanzie wapi.

"Nilikusema sana," alisema.

"Ulisema kweli."

"Nilikusema huku nikitetemeka." Akatazama njia, kulia na kushoto. "Kaka yangu, yule mkubwa. Watu wanajua yuko ng'ambo anafanya kazi. Hayuko ng'ambo. Yuko kwangu, stoo, mwaka wa nne huu. Akili zilimruka. Nikienda kanisani namfungia."

Ndani, mke wa fundi alikuwa akimlisha Bibi, kijiko kikigonga bakuli. Mwenyekiti alichungulia, akamwambia atachelewa kidogo. Akavaa viatu.

"Leo amekula?" aliuliza, wakiwa wameshashika njia.

"Asubuhi tu."

"Basi tupite dukani kwanza," alisema, na wakaenda.