Ulezi Juu ya Ngoma

Masikio ya Mzee Bazilio yalianza kumgomea msimu wa mahindi uliopita, na kufikia Kwaresima yalikuwa yameshafunga duka. Kwa mtu mwingine ungekuwa usumbufu tu. Kwa fundi wa ngoma ulikuwa msiba. Parokia ya Kumsenga ilikuwa inangoja ngoma yake kubwa ya Pasaka, na yeye kila akiipiga alipata mtikisiko kiganjani, basi. Inalia au inakohoa, hakujua. Alikuwa ameapa kimoyomoyo kwamba hii ikimshinda, nyundo anaitundika.

Asubuhi hiyo alimwaga ulezi juu ya ngozi mpya kumshukuru Mungu, kama walivyofanya baba na babu yake. Ulezi huo hufagiwa na kupewa kuku kabla fundi hajaikaza ngozi. Bazilio, mawazo tele kichwani, akasahau.

Mkewe Ndayikunda akainama kufuta vumbi ubavuni mwa ngoma, huku akiimba wimbo wa kwaya ambao mumewe hakuusikia. Mara punje zikaanza kutembea.

Bazilio akafanya ishara ya msalaba. Upepo haukuwepo, wala hakuna mkono uliogusa ngozi. Punje zilitambaa, zikasukumana, zikajipanga mviringo. Mkewe aliponyamaza, zikatulia. Alipoendelea, nazo zikatembea tena.

"Skola! Njoo uone!"

Binti yao, mwalimu wa fizikia Kasulu aliyekuja likizo, akatoka jikoni mbio. Akatazama, kisha akampazia baba yake sauti sikioni: "Ni sauti ya mama, baba! Inatikisa ngozi. Punje zinakimbia panapotikisika, zinakaa pasipotikisika."

"Kwa hiyo si muujiza?"

"Nafundisha jambo hili kila mwaka, baba, na bado mwili umenisisimka!"

Mviringo ule ulikuwa umepinda upande mmoja. Bazilio hakuhitaji kuambiwa kwamba hapo ngozi imelegea. Akagonga kigingi kinachoikaza ngozi upande huo.

"Imba, Mama Skola."

Akagonga kingine, na kingine, mpaka ulezi ukakaa duara safi kama mdomo wa chungu. Akaipiga ngoma kwa nguvu. Skola akarusha mikono juu kwa furaha, na majirani wakachungulia uani.

Skola akachukua ufagio. Bazilio akamshika mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi, wala hakuona haya. Ngoma ilikuwa tayari, hapakubaki kitu cha kurekebisha.

"Mama Skola," akasema, macho yake kwenye ulezi, "imba tena."