Mhadhara wa Marehemu

Saa mbili kamili asubuhi, wanafunzi mia moja na kumi na wawili wa kemia walikaa kwenye ukumbi, kila mmoja na simu yake mkononi, wakamfungua mhadhiri wao. Mhadhiri huyo alikuwa amefariki miezi saba nyuma kwa ugonjwa wa mapafu. Aliacha masomo thelathini na sita yaliyorekodiwa, na wiki ya pili baada ya mazishi akaanza kujibu maswali. Wanafunzi hawakuona ajabu. Walichonung'unikia ni mtandao kukatikakatika, na kwamba hata kufa hakukumpunguzia uchoyo wa alama.

Binti yake alikaa safu ya nne. Darasani baba hakumpendelea. Akikosea alimsema mbele za watu kama mtoto wa jirani. Ila somo likiisha na wenzake wakishatoka, alimwita "mama" kama alivyomwita tangu utotoni, akamuuliza kama ile feni ya kuvuta moshi maabara imeshatengenezwa. Binti alijibu bado. Baba akakohoa, kioo cha simu kikaingia ukungu kwa ndani, naye akaufuta kwa mkono wa shati.

Muhula ulivyosonga baba alizidi kukonda. Kola ikampwaya, akawa anafundisha ameegemea ubao. Binti akashindwa kuvumilia, akaenda kwa mkuu wa idara kuomba mzee apumzishwe. Mkuu alikuwa mtu mpole. Alimkalisha, akamweleza kwamba nafasi haiwezi kutangazwa wakati mwenyewe bado anaingia darasani.

"Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu. Lakini baba yako yupo."

Akampa fomu ya likizo, ambayo lazima isainiwe na mwombaji. Binti aliilaza fomu mezani, akaweka simu juu yake kifudifudi. Baba alijaribu siku mbili. Kalamu yake iliishia kwenye kioo, upande wa ndani.

Kuhusu feni, mkuu alisema haimo kwenye mpango wa mwaka huo. Siku hizi mazoezi yote yako kwenye simu; nani tena anaingia maabara?

Wakaingia wao wanafunzi. Mtahini kutoka nje alikataa katakata kumpitisha mtu ambaye hajawahi kushika chupa ya asidi kwa mkono wake, kwa hiyo maabara ikafunguliwa kwa siku moja, buibui wakafagiliwa. Kila mwanafunzi alipewa vipande vya shaba na asidi kali ya nitriki. Fundi wa maabara aliwaambia wafungue madirisha. Yalifunguka mawili.

Binti alikuwa na simu kwenye mfuko wa koti lake jeupe. Moshi wa rangi ya kahawia ulipoanza kupanda, akasikia sauti kifuani pake.

"Mama, toka humo."

"Nikitoka sihitimu, baba."

Baba akasema, kwa sauti ile anayofundishia, "Basi usimimine kwa pupa. Kidogo kidogo. Na geuza uso."

Akageuza uso. Shaba ikayeyuka, majimaji yakawa ya kijani, na alipoongeza maji yakageuka buluu nzuri ajabu. Miaka mitatu alikuwa akiiona rangi hiyo kwenye kioo, na hakuwahi kujua kwamba chupa yake huwa ya moto. Alipata alama tisini na moja. Jioni akaanza kukohoa, yeye na wenzake kumi na wanne.

Baba hakuuliza tena habari za feni. Alifundisha, akaaga, akazima.

Wiki iliyofuata mkuu wa idara alimwita binti ofisini. Alimpongeza kwa matokeo, akamsogezea glasi ya maji, akangoja kikohozi kipite. Alisema amebahatika kuwa na sauti safi, inayosikika hata kwenye simu mbovu, na idara ingependa arekodi masomo yote ya mwaka wa kwanza, mapema iwezekanavyo.

Binti akanywa maji, akauliza aanze na somo lipi.