Kuogelea Juu ya Kaunta

Bwawa la chuo lilipata ufa Jumatatu, na kufikia Jumatano halikuwa na hata tone. Mama Filimbi, aliyefundisha watu wazima kuogelea humo kwa miaka kumi na tisa, alisimama ukingoni akatazama chini. Aliona majani makavu, kandambili moja, na fundi wa saruji aliyejilaza kivulini, upande wa kina kirefu.

"Miezi mitatu, mama," fundi alisema bila kuinuka. "Tena hapo tumejitahidi."

Mama Filimbi akaenda ofisini kwa mkuu wa chuo kumwambia kozi imeahirishwa. Mkuu alikuwa ametoka semina wiki iliyopita, na semina yenyewe ilikuwa bado haijamtoka.

"Haiahirishwi, mwalimu. Inahamia mtandaoni."

"Kuogelea?"

"Kila kitu."

"Na maji je, mkuu?"

Mkuu akafikiri kidogo. "Maji ni nyenzo tu. Cha kwanza ni mwanafunzi. Siku hizi yeye ndiye anayewekwa katikati."

"Katikati ya nini?"

Lakini mkuu alikuwa ameshapokea simu, akimpungia mkono wa kwaheri.

Basi somo la kwanza Mama Filimbi alilifundishia nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula. Alivaa vazi la kuogelea na juu yake koti la heshima, maana hakujua mtandaoni mtu huvaaje. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, na slaidi alizoandaa zilikuwa sitini. Upande wa pili wa meza mumewe, fundi saa, alikuwa ameinamia saa ya mteja na kijidarubini chake jichoni.

Alipofika slaidi ya ishirini na mbili, iliyohusu pua, aliona wanafunzi wamelegea, akaipuliza filimbi yake kwa nguvu zote. Fundi saa aliangusha skrubu. Wanafunzi hawakusikia kitu: mtambo uliiona filimbi kuwa kelele, ukaifuta. Wao waliona tu mashavu ya mwalimu yakivimba na kunywea, wakadhani ni zoezi, nao wakaanza kuvimbisha mashavu, wakaendelea hivyo mpaka slaidi ya thelathini.

Mwishoni aliuliza, "Kuna swali?"

Kamera zote zilikuwa zimeshazimwa. Kutoka kwenye kimoja cha vile visanduku vyeusi ulisikika mkoromo, mtulivu na wa kina.

"Umewahutubia muda wa saa mbili unusu," mumewe alisema, akipapasa sakafuni kutafuta skrubu. "Mimi nisiyesoma nimechoka, sembuse wao."

"Ulitaka nifanyeje?"

"Mteja akiniletea saa, simhutubii kuhusu saa, mke wangu. Namuuliza inamsumbua nini."

Maneno hayo yalimkera usiku kucha, na alipoamka yalikuwa yamemwingia. Somo la pili hakuonyesha slaidi hata moja. Alimuuliza kila mtu kilichomleta, akanyamaza, jambo ambalo halikumjia kirahisi.

Mkunga mstaafu, bibi wa miaka sabini, alisema amewatoa watoto wa watu majini maisha yake yote, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kuthubutu kutumbukiza uso hata kwenye ndoo. Kinyozi alikuwa amemdanganya mchumba wake kwamba anaogelea kama samaki, na fungate ilipangwa ufukweni. Muuza nyama alisafisha koo mara tatu. "Mimi nilitumbukia kisimani nikiwa mdogo, mwalimu. Nilitolewa. Lakini naona kama sijatoka."

Tangu siku hiyo kozi ilibadilika. Vipindi vilifupishwa vikawa vya dakika ishirini. Mwalimu alijirekodi video za dakika mbili mbili, amelalia kigoda cha jikoni kifudifudi, akazituma kila mtu azitazame kwa wakati wake. Wanafunzi nao walijirekodi, wakakosoana kwa vikundi, na kila mmoja alichagua pa kuogelea. Kinyozi alitumia kiti chake cha kunyolea, ambacho kilizunguka kila alipopiga teke. Muuza nyama alipanda juu ya kaunta ya mbao dukani kwake, katikati ya mizani na maini, akakata mawimbi asubuhi na jioni. Wateja walizoea.

"Nipimie nusu kilo," walimwambia, "na hilo goti unalikunja mno."

Kupumua ndiko kulikowashinda wengi, mpaka mkunga alipowaamuru wote walete mabeseni. "Vuta! Shikilia, mwanangu, shikilia... haya, sukuma!" Nyuso kumi na moja zikazama, mapovu yakatoka kwa pamoja. Mama Filimbi, aliyekuwa amefundisha kupumua kwa miaka kumi na tisa, akaleta beseni lake, akatii kama wengine.

Bwawa lilipojazwa tena, wote walifika, na mkuu pia akaja kushuhudia matunda ya mtandao. Mkunga alitangulia. Aliingia mpaka kifuani, akazamisha kichwa, akakaa huko kitambo hata watu wakaanza kutazamana, kisha akaibuka akicheka na kulia. Kinyozi alivuka salama, ila kila baada ya mapigo manne alizunguka mara moja.

Muuza nyama alikuja na kaunta yake. Wateja wanne walikuwa wameibeba toka dukani, wakaishusha majini, ikaelea. Akailalia kifudifudi, akaogelea juu yake hadi ng'ambo na kurudi, miguu imenyooka, pumzi sawasawa, vidole tu vikigusa maji. Mkuu alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

"Amefaulu! Mwandikie amefaulu!"

Mama Filimbi hakujua acheke au alie. Alishuka majini, akaishika ile kaunta, akamwinamia mwanafunzi wake. "Wewe mwenyewe unataka nini sasa?"

"Nataka kushuka," alinong'ona. "Lakini naona haya. Wananitazama."

"Wote geukeni ukutani!" mwalimu akaamuru. "Na wewe pia, mkuu."

Wakageuka: wanafunzi, wateja wanne, na mkuu na suti yake, pua zao zikigusa vigae. Muuza nyama akateleza polepole kutoka kwenye kaunta. Maji yalimmeza mpaka utosini. Kisha kichwa kikaibuka, mkono mmoja ukachota maji, wa pili ukafuata, akaenda, akaenda, mpaka akaushika ukingo wa ng'ambo kwa mikono miwili.

"Mmeniona?" alipaza sauti, akitweta.

"Hatujaona!" walijibu wote, nyuso zao zikiwa bado ukutani. "Rudia!"

Akavuta pumzi, akajisukuma ukingoni, akarudia.