Kasha la Papa Hilaire

Jumanne, saa tatu asubuhi, Augustine alisimamisha toleka mbele ya lango lake, akaketi upande kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli hiyo, akapakata kasha la saksofoni. Lilikuwa la mbao, limevikwa ngozi nyeusi iliyobanduka kwenye pembe zote. Bawaba moja ilikuwa imekatika, kishikio kimefungwa kwa waya wa umeme, na ndani mahameli nyekundu ilikuwa imeliwa na mende mpaka gundi ya chini ikaonekana. Mwenye toleka aliliinua kidogo alipokuwa akimsaidia kukaa.

"Mama, hii sanduku haina kitu?"

"Haina kitu," Augustine akasema. "Twende kwa Eddy."

Eddy alikuwa fundi wa viti vya pikipiki katika mtaa wa Kabondo. Alishona chini ya turubai la buluu, kando ya mama muuza makala, makaa ya kupikia. Kasha la muziki hakuwahi kulitengeneza, lakini alikuwa ametengeneza masanduku ya maharusi na viti vya wachungaji, na alizijua mbao na ngozi. Aligonga ubavu wa kasha kwa kidole, akalinusa.

"Hii iko ya wazee. Ya nani?"

"Ya papa yangu."

"Papa Hilaire? Ule alikuwa anapiga saksofoni ku fanfare?"

"Ule."

"Lakini alikufa."

"Alikufa mwezi wa kumi. Atakuja kuangalia kazi. Anafikaka saa kumi."

"Bon," Eddy akasema, akavuta benchi kivulini. "Hapa atakaa muzuri."

Papa Hilaire alikuwa amezikwa siku ya Alhamisi, katika suti ya kahawia na viatu vyake vya sikukuu. Wiki ya tatu baada ya mazishi, saa kumi alasiri, alisukuma lango la mabati, akakung'uta udongo mweupe viatuni, akaketi sebuleni kwenye kiti chake. Djamila, jirani, alikuwa amekuja kuazima kinu. Alimpa pole kwa msiba wake, naye akashukuru. Augustine akaleta chai. Papa Hilaire alikunywa kikombe kizima bila chai kupungua, na alipoondoka Augustine aliimimina tena kwenye termosi kwa sababu ilikuwa bado moto.

Kabla ya kuondoka aliuliza jambo moja tu.

"Saksofoni yangu ilitoka kwa fundi?"

"Bado, papa."

"Haizuru," akasema. "Kazi ya muzuri haitaki haraka."

Fundi huyo hakuwepo. Hakuwahi kuwepo.

Miezi ya mwisho ya ugonjwa wake, Papa Hilaire alikuwa akiketi kitandani kila mchana na kupiga mwanzo wa machi moja, wimbo wa gwaride wa bendi yake ya fanfare. Pumzi ilimwishia kwenye noti ya nne. Alikohoa, akafuta mdomo, akaanza upya. Augustine aliamka alfajiri kuuza pondu, majani ya muhogo, sokoni, na mchana alichotaka duniani kilikuwa saa moja ya usingizi. Alilala na mto juu ya kichwa, akihesabu: moja, mbili, tatu, nne, kikohozi. Siku moja akina mama wa kikundi cha maombi walikuja kumwona mgonjwa, na kiongozi wao akasema kwamba labda ugonjwa unapitia katika ile kitu, labda ingefaa iwekwe mbali kidogo. Alisema labda mara mbili. Augustine hakumwomba aeleze zaidi. Alikuwa ametafuta ruhusa, akaipata.

Kesho yake, mzee akiwa amelala, aliifunga saksofoni katika liputa, kitenge chake cha kujifunga, akaenda kwa Wagenia, kwenye mawe ya mtoni ambako ndugu za mama yake huvua samaki, akaitupa pale maji yanapochemka. Kasha alilisukuma chini ya kitanda chake, kwa kuwa lingeelea. Jumapili alisimama mbele ya kikundi akatoa ushuhuda. Watu walipiga makofi. Yalimpendeza, makofi yale. Na baadaye hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine.

Papa Hilaire alipoamka akaulizia saksofoni, alimwambia iko kwa fundi pamoja na kasha lake. Mzee alifurahi, maana kasha lilikuwa limechakaa kweli. Aliuliza kila siku kwa wiki tano. Siku ya mwisho, sauti ikiwa imekwisha, aliuliza kwa midomo tu, na Augustine akajibu, "Kesho, papa."

Baada ya kifo aliuliza tena mara kumi na moja, sebuleni, mbele ya kikombe. Ndipo Augustine akalitoa kasha chini ya kitanda na kulipeleka kwa Eddy. Uongo wote hakuweza kuugeuza ukweli, lakini nusu yake iliwezekana.

Eddy alianza kwa kubandua ngozi yote. Chini yake mbao zilikuwa nzima, isipokuwa ubavu mmoja uliopinda kwa unyevu. Aliulowesha, akaukandamiza kati ya mawe ya kusagia kwa siku mbili mpaka ukanyooka. Alipiga msasa, akapaka gundi. Bawaba alizipata kwenye sanduku la chuma la askari mmoja mstaafu, na kishikio alikishona kwa ngozi ya kiti cha pikipiki, mishono midogo ya karibukaribu, uzi akiupitisha kwanza kwenye nta.

Papa Hilaire alifika kila siku saa kumi na kuketi kwenye benchi. Viatu vyake viliacha alama nyeupe za udongo, na mama muuza makala alizifagia alipofunga biashara. Waliopita walimsalimu. Mmoja alimwuliza kama huko aliko kuna joto, naye akajibu kwamba kuna unyevu zaidi kuliko joto. Eddy alifurahi kufanya kazi mwenye kitu akiwa karibu.

Ilipobaki sehemu ya ndani tu, Eddy akamwita Augustine.

"Mama Augustine, unipe saksofoni yenyewe. Minataka kutengeneza kitanda yake. Bila kuipima, itakuwa inachezacheza ndani."

Augustine alikuwa amesimama na beseni la pondu kichwani. Alilishusha. Alisema saksofoni iko mbali.

"Mbali wapi?"

"Mbali."

"Si kitu," Papa Hilaire akasema kutoka kwenye benchi. "Mimi naijua."

Akasimama. Akainua mikono, wa kushoto juu, wa kulia chini karibu na nyonga, vidole vimepinda kila kimoja mahali pake, na kichwa kimeinama kidogo kupokea mdomo wa chombo. Hapakuwa na kitu mikononi mwake. Eddy alichukua futi ya mshonaji na kupima nafasi iliyokuwa kati ya mikono: urefu, upana wa kengele inakotokea sauti, upindo wa shingo. Aliandika vipimo kwenye kipande cha katoni. Mzee alisimama hivyo karibu nusu saa bila kutikisika. Alipoumwa bega zamani alikuwa akipumzika. Sasa hakuumwa tena.

Augustine alitazama vidole. Kimoja kilikuwa kikishuka na kupanda polepole, noti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilipopita bila kikohozi, na ya tano ikafuata, aligeuka akaangalia mafungu ya makala. Mzee angeweza sasa kuimaliza ile machi.

Eddy alijaza maranda laini ndani ya kitambaa, akayashindilia kufuata vipimo, akafunika kwa mahameli mpya aliyoleta Augustine mwenyewe. Aliikata kutoka kwenye gauni alilovaa siku ya ushuhuda. Ijumaa kazi ikaisha. Kasha lilikaa juu ya meza, jeusi, linang'aa, na lilipofunguliwa umbo la saksofoni lilionekana ndani yake wazi kama alama ya mtu aliyeinuka kitandani sasa hivi.

"Alors," Papa Hilaire akasema. "Mulete sasa, tuilaze."

Eddy akamtazama Augustine. Mama muuza makala naye akamtazama.

"Papa," Augustine akasema. "Niliitupa mu mayi."

"Mayi gani?"

"Kwa Wagenia."

Mzee akafikiri.

"Ilikuwa mbele ya ile siku nilianza kuuliza, ao nyuma?"

"Mbele."

"Donc wakati nilikuwa nauliza, ulikuwa unajua."

"Ndiyo, papa."

"Kila siku."

"Kila siku, papa. Nilikuwa nataka kulala. Batu ya maombi hawakunituma. Walisema labda. Mimi njo nilitaka."

Papa Hilaire hakupandisha sauti. Alifunga kasha, akafungua, akafunga tena, akasikiliza vibana vikilia. Alipitisha dole gumba juu ya mishono ya kishikio.

"Fundi," akamwambia Eddy, "hii kazi iko muzuri sana. Mungu akubariki."

Akalibeba kasha, akasimamisha toleka, akaenda upande wa mto. Augustine alisubiri ageuke amtazame, lakini barabara ilikuwa na mashimo na mzee alikuwa ameshughulika kulishika kasha lisidunde.

Kuanzia siku hiyo hakuja tena sebuleni. Augustine aliweka chai saa kumi kwa juma zima, na kila siku ilipoa. Jumapili akaenda kwa Wagenia. Alimkuta baba yake juu ya jiwe kubwa, kati ya nguzo ambako wavuvi hufunga mitego yao, kasha likiwa wazi kando yake. Tonton Dady, ndugu mdogo wa mama yake, alikuwa akirekebisha mtego mmoja kwa kamba za porini.

"Iko hapa tangu ile Ijumaa ingine," Tonton Dady akasema. "Nilimwambia, shemeji, haya mayi hayarudishake chuma. Akasema haizuru. Hatusumbui. Tukivuta mutego, tunamuonyesha kwanza, halafu tunatoa samaki."

"Anakula?"

"Anakula. Samaki haipunguki."

Augustine akapanda jiwe. Alikuwa ameleta termosi. Alipiga magoti kama ilivyopasa, akamimina, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Bonjour, papa."

Papa Hilaire alikipokea kikombe kwa adabu kubwa. "Bonjour, madame," akasema. "Merci, madame."

Hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa akimwita Titine, na akikasirika, Augustine. Madame aliwaita wake za wakubwa na wateja wa benki alikokuwa akifanya kazi. Tonton Dady alisikia, akaendelea kufunga kamba yake. Augustine hakuuliza kama amesahaulika au amekataliwa. Aliogopa kwamba kungekuwa na jibu.

Kikundi cha maombi kilipopata habari, kiongozi wao alikuja nyumbani kumfariji. Alisema kwamba Mungu anajua nia, na kwamba yeye mwenyewe hakumbuki vizuri alisema nini siku ile. Augustine akamwambia, "Ulisema labda." Mama huyo alikubali maji ya kunywa, akaaga.

Augustine alianza kwenda mtoni kila siku baada ya soko. Rashasha za maji zililowesha kasha, na mara moja kwa mwezi Eddy alikuja na gundi yake na kitambaa, akakaza pale palipoachia, bila kuitwa na mtu. Kiangazi kilifika, maji yakashuka, mawe mapya yakatokea. Alasiri moja wavuvi walivuta mtego mzito na ndani yake, kati ya kambale wawili, kulikuwa na bomba la chuma lililopinda. Tonton Dady alilipeleka kwanza kwa mzee. Papa Hilaire aligeuza bomba huku na huku, akapuliza tope, akalirudisha.

"Iko ya pikipiki," akasema.

Kisha akamwona Augustine amesimama pembeni, miguu ndani ya maji, ana saa nzima amesimama pale.

"Madame," akamwuliza, "na wewe unangojaka nini hapa?"

"Nangoja saksofoni ya papa yangu."

"Ah," akasema Papa Hilaire. "Iliangukia mu mayi?"

"Hapana. Kuna mutu aliitupa."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za watu asiowajua. Akasogeza kasha upande, akapangusa jiwe kwa leso yake, akamwonyesha mahali pa kuketi. Augustine akaketi. Chini yao wavuvi walikuwa wakiushusha mtego mwingine.