Neno la Siri la Bi Masouda

"Nimeandika sawasawa, wallahi—"

"Mama, kama ungekuwa umeandika sawa—"

"Usinikate kauli, Wesley! Neno langu nnalijua mwenyewe!"

"Basi mbona ruta haikujui?"

Ofisi ya uwakala wa forodha ya Bi Masouda, pale mtaa wa Darsait, Uarabuni, ilikuwa moto. Wesley, fundi wa Kenya, alitumwa aiwekee usalama ruta yao, kile kisanduku cha mtandao: ile njia ya zamani ya kuiingia, ambayo yeyote angeweza kuchungulia yanayopita, ife, ibaki mpya iliyosimbwa. Kwa mbwembwe zake akaiua ya zamani kabla hajaijaribu mpya. Sasa wote wamefungiwa nje. Dawa iliyobaki ni kuifuta ruta nzima, ofisi ikae bila mtandao mpaka jioni.

Na bosi wake alishamwonya: lalamiko moja tu tena, anamkatia tiketi ya kurudi Nairobi. Hiyo ni baada ya Wesley kuibatiza waifai ya mteja wa Al Khuwair "Meneja Anakoroma".

Bi Masouda alishaweka simu sikioni kumpigia bosi huyo. Inaita.

"Msamehe mtoto wa watu," alisema mumewe, Sleyum, huku akimung'unya tende.

"Wewe kula tende zako."

Jasho likimtoka, Wesley aliangalia kona ya skrini. Lo! Bi Masouda huandikia wateja kwa Kiarabu, na vitufe vya kompyuta vilikuwa vikitoa herufi za Kiarabu alipochagua neno lake. Neno la siri halionekani likiandikwa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Baadaye Wesley mwenyewe akarudisha herufi za Kizungu ili aandike amri zake.

Akarudisha herufi za Kiarabu haraka. "Andika tena, mama. Vilevile."

"Usitazame."

Akatazama. Alikuwa amemshauri achague kitu ambacho hatakisahau maisha. Kidole cha Bi Masouda kikadonoa vitufe kimoja kimoja: w, e, s, l, e, y, kisha m, j, i, n, g, a.

Ruta ikafunguka.

Wakati huohuo simu ikapokelewa. "Bi Masouda! Kafanya nini tena huyo?"

Wesley akafumba macho. Bi Masouda akaitazama ruta, akamtazama mumewe, akatabasamu.

"Hajafanya kitu, mwanangu. Nnataka umlete tena kesho, anifungulie simu ya Sleyum."