Msaragambo wa Viazi kwa Velta

Jumamosi ile Velta alitoa trei ya mwisho ya maandazi kwenye jiko la kuni, akayafunika kwa kitambaa cha kitani, akatoka nje kuchomeka vijiti. Mcheri mwitu ulio nyuma ya bafu la mvuke ulikuwa umechanua mweupe pe, na mti huo ukishachanua, pale kijijini Lejnieki hakuna anayeuliza tena siku ya kupanda viazi. Velta alikuwa na miaka sabini na sita, na mgongo wake ulimzidi umri. Alipima kwa hatua, akachomeka kijiti, akapima tena, akachomeka kingine, mpaka shamba lote likagawanyika vipande, kila kipande na mwenyewe.

Ndivyo wanavyopanda kule. Farasi anapita na plau, anaacha mfuo nyuma yake, na kila mtu anadondosha viazi kwenye kipande chake kabla farasi hajageuka na kurudi. Asiyepanda, kipande chake kinabaki wazi, na kila mpita njia anaona ni cha nani. Malipo hakuna. Mwenye shamba anapika, ndugu na marafiki wanakuja, wanapanda, wanakula, wanaimba kidogo, wanakwenda zao.

Mwaka huu Velta alipika kama wa harusi kwa sababu alikuwa na lake. Siku ya Pasaka, mezani, mbele ya watu, yeye na wanawe wawili walikubaliana: shamba likipandwa lote, Velta anabaki nyumbani kwake na maneno ya kuiuza nyumba yanakoma. Lisipopandwa, nyumba inauzwa na yeye anahamia mjini Riga. Masharti aliyatoa Raitis, mwanawe mkubwa. Velta aliyakubali upesi, kama mtu aliyesahau amezaa watu wa namna gani.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Inguna, binti yake.

"Mama, tupo njiani, ila foleni! Magari hayasogei kabisa."

Pale karibu na vitunguu udongo ulipasuka, likachomoza jiwe la ukubwa wa mkate. Velta alilitazama. Barabara ya Lejnieki ukikutana na gari jingine unasimama kusalimia.

"Haya, njooni polepole," alisema, akakata simu, akalibeba jiwe mpaka kwenye rundo lililo ukingoni mwa shamba.

Mawe huota kule. Kila baada ya majira ya baridi barafu huyasukuma juu, na watu huyaokota kabla ya kupanda. Kwa hiyo jiwe si habari. Ya mwaka huu yaliota kwa kufuata maneno, basi, hiyo ndiyo tofauti.

Ilgvars, jirani, alifika akimkokota farasi wake. Farasi mwenyewe aliitwa Radi, jina alilopewa zamani, kabla ya kuanza kusinzia akitembea.

"Nimechelewa, Bi Velta. Radi kang'oa kiatu pale darajani, ikabidi turudi."

Velta aliangalia chini. Udongo ulinyamaza.

"Karibu, jirani," akasema, na akampa andazi lenye nyama ya nguruwe ndani, la moto.

Halafu yakaja magari. Raitis alishuka amevaa viatu vyeupe. Alimkumbatia mama yake mpaka akamnyanyua.

"Mama yangu! Nimeacha kazi zangu zote nije nikusaidie."

Katikati ya shamba kiliinuka kitu kama mgongo wa nguruwe aliyenona, kikatikisa mchanga, kikatulia. Lilikuwa jiwe la kijivu, lenye kutu ya ukungu ubavuni. Ilgvars alivua kofia akajikuna.

"Raitis, baba, ukiwa shambani sema kwa kipimo. Plau hii ilikuwa ya marehemu mzee wangu."

"Kwani mimi nimesema nini?" Raitis aliuliza, na jiwe jingine dogo likatoka kando ya kiatu chake. Alilikwepa bila kuliangalia, kama mtu anavyokwepa mavi ya kuku.

Maruta, mdogo wake Velta, alikuwa kwenye gari hilohilo. Alishuka akichechemea, akatafuta kiti kwanza, salamu baadaye.

"Dada, goti hili. Leo sifai kwa lolote, nitawatazama tu."

Jiwe la Maruta halikuzidi ngumi. Goti lilikuwa linauma kweli, ila Jumamosi iliyopita, kwenye harusi ya mpwa wao, goti hilohilo lilicheza mpaka wapiga kinanda wakaomba kupumzika.

Wa mwisho kushuka alikuwa Normunds, rafiki wa Raitis tangu shuleni, mtu mnene mwenye uso wa upole.

"Mama Velta, nisikudanganye," alisema. "Mimi nimekuja kula."

Wote walisubiri. Hakikutoka kitu, hata changarawe. Velta alikwenda jikoni akamletea maandazi mawili na glasi ya maji matamu ya miti ya gome jeupe, aliyoyagema mwezi Machi na kuyachachusha kwa zabibu kavu. Katika wageni wa siku ile, huyo ndiye aliyempa moyo.

Normunds aliwasha makaa akaanza kupanga mishkaki. Raitis akasimama karibu naye na chupa ya bia.

"We Raitis, kikapu chako kile pale," Velta alisema.

"Mama, moto huu si wa kuachiwa mtu mmoja."

"Naweza peke yangu," alisema Normunds.

"Hawezi," alisema Raitis, na mlangoni mwa banda la kuku likatokea jiwe lililowafungia kuku ndani. Velta alienda kulisukuma. Aliporudi, Inguna alikuwa amefika, amepiga magoti kwenye maua ya tulipu, anayapiga picha.

"Inguna, mwanangu, Radi amesimama anasubiri."

"Nakuja, Mama, dakika tano tu."

Jiwe la dakika tano lilikuwa dogo, kama yai. Lakini lilisemwa mara nyingi. Inguna alilisema, Maruta akalisema kwa niaba ya Inguna, Raitis akalisema bila kuulizwa, na kabla moshi wa mishkaki haujanyooka, shamba lilijaa mayai ya mawe kana kwamba bata mzinga wa kijiji kizima wamepita hapo. Ilgvars hakuweza kutia plau. Velta alileta toroli. Aliokota, akasukuma hadi kwenye rundo, akamwaga, akarudi, na kila aliporudi alikuta mengine, kwa sababu alipokuwa kule kuna mtu aliyekuwa amesema, "Mwacheni Mama, anapenda mwenyewe kufanya kazi."

Viazi vya mbegu vilikuwa kwenye vikapu kivulini, vimechipua vizuri, machipukizi mafupi ya zambarau, na farasi alikuwa wa leo tu, kesho ana kazi ng'ambo ya mto. Velta aliangusha mikono ya toroli.

"Sikilizeni!" alisema. "Sitaki mtu aniambie neno. Sitaki pole, sitaki nakuja, sitaki mama mpenzi. Kila mtu ashike kikapu, asimame kwenye kijiti chake, afunge mdomo. Ukiwa na la kusema, limeze!"

"Ebo, dada, unatukaripia kama watoto," Maruta alisema. Hilo lilikuwa kweli, jiwe halikutoka, na ndipo naye akaona aibu akainuka.

Walishika vikapu. Kwa muda pale Lejnieki ilisikika pumzi ya farasi tu, na udongo ukijipindua juu ya plau, mweusi, unanukia. Viazi vilidondoka vikaendelea kudondoka. Raitis alipanda na viatu vyake vyeupe. Inguna alipanda haraka kuliko wote, kwa sababu mikono yake ilikuwa haijasahau. Hata Normunds aliacha koleo la makaa akaja kujaza vikapu. Mfuo wa kwanza ukaisha, Radi akageuka, wa pili ukafunguka ukifunika wa kwanza. Velta alitembea nyuma ya wote akihimili mgongo kwa mkono mmoja, na moyoni akaanza kulihesabu shamba kama limeshapandwa.

Walikuwa katikati ya mfuo wa pili Inguna alipojinyoosha, akajifuta jasho, akatabasamu kwa furaha ya kweli.

"Unaona, Mama? Tunapenda sana kuja kukusaidia. Siku zote tunapenda."

"Mungu wangu, mwanamke huyu," alisema Ilgvars.

Jiwe liliinukia chini ya tumbo la Radi. Lilipanda taratibu, pana kama meza ya watu wanane, likambeba farasi juu, miguu yote minne, mpaka akawa amesimama pale kama sanamu ya farasi aliyepoteza jenerali wake. Radi aliamka, akatazama mandhari, akarudi kusinzia. Plau ilibaki chini, ncha yake imekatika.

Hakuna aliyepiga kelele. Normunds alisema mishkaki inaungua. Walimsaidia Ilgvars kuegemeza mbao mbili ili farasi ashuke, na Radi akashuka kwa adabu, mguu mmoja mmoja.

"Inatengenezeka?" Velta aliuliza.

Ilgvars aliigeuzageuza ile ncha mkononi.

"Inatengenezeka. Si leo."

Kwa hiyo walikula. Kulikuwa na supu ya majani machachu, mayai, mishkaki, maandazi, na keki ya jibini. Walisifu kila kitu, na hapo hayakutoka mawe, kwa sababu chakula kilikuwa kitamu na walikisifu kwa dhati. Velta hakula. Alikuwa anautazama mfuo mmoja na nusu.

Raitis alipomaliza sahani ya pili alijifuta mdomo, akaishika sauti yake ya kikazi.

"Mama, tuongee kama watu wazima. Tazama mwenyewe. Shamba limejaa mawe. Plau imevunjika. Huu ni udongo wa kulimwa na mtu wa umri wako?"

"Mawe hayo ni yenu," alisema Velta.

"Yawe yetu, yawe ya nani, yapo. Njoo Riga ukae nasi. Chumba kipo."

Jiwe lilipanda chini ya meza. Upande wa Maruta uliinuka, bakuli la supu likaanza kuteleza kuelekea kwa Inguna.

"Shikeni supu," alisema Maruta, na Inguna akaishika, akaiweka mapajani, akaendelea kula kutoka hapo.

"Chumba kipo wapi?" Velta aliuliza.

"Si tutakitengeneza," Raitis alisema, na meza ikapanda kidogo tena. Kisha akasema polepole, akichagua kila neno kama mtu anayekanyaga barafu nyembamba: "Tulikubaliana Pasaka. Shamba likipandwa, unabaki. Lisipopandwa, tunauza. Halijapandwa."

Wote walitazama chini. Velta alitazama kuliko wote. Aliinama hasa, akashika ukingo wa meza, akausubiri udongo useme chochote.

Udongo haukusema. Nyasi zilikaa kama zilivyo. Mbawakawa mdogo wa kijani alipita.

"Mnaona," alisema Raitis, si kwa ukali.

"Lakini ni ninyi mliozuia lisipandwe!"

"Mama, mimi nimepanda. Angalia viatu vyangu."

Viatu vilikuwa vichafu kweli. Inguna alianza kulia kidogo, akamkumbatia mama yake na kumwambia hajui la kufanya, na hilo nalo halikutoa jiwe. Halafu akauliza kama anaweza kuchukua maandazi yaliyobaki, watoto wanayapenda.

Velta aliyafunga kwenye kitambaa. Alifunga na vitunguu vya majani, na mayai, na chupa ya maji ya miti kwa kila gari, kwa sababu mgeni haondoki Lejnieki mikono mitupu, na mikono yake ilifanya kazi hiyo bila kumuuliza. Maruta alimbusu akasema amefurahi sana. Jiwe la ngumi. Inguna alisema atapiga simu kesho. Jiwe lilikaa sawasawa katikati ya lango, na ikabidi magari yarudi nyuma na kupitia kwenye tulipu. Normunds aliteremsha kioo.

"Asante kwa chakula, Mama Velta. Sidhani kama nitakuja tena, sipendi kuona watu wakibishana."

Hakuna jiwe.

Raitis alikuwa wa mwisho. Alitoa kichwa dirishani.

"Jumatano nitamleta mtu aitazame nyumba. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo," alisema Velta. Kweli tupu, pande zote mbili. Gari likaondoka juu ya udongo laini bila kugongwa na kitu.

Jua la Mei kule halina haraka, lilikuwa bado juu ya bafu la mvuke. Ilgvars alikuwa anafunga vipande vya plau kwenye mkokoteni. Shamba lilikuwa mawe toka kijiti hadi kijiti, na viazi kwenye vikapu vilikuwa karibu kama vilivyoletwa asubuhi. Velta alichukua kikapu kimoja na jembe la mkono, akaenda kwenye ule mfuo ulioishia nusu.

"Bi Velta, huwezi kulimaliza peke yako," alisema Ilgvars. Jiwe halikutoka.

"Najua."

Alipanda kiazi kati ya mawe mawili, akakifukia. Ilgvars alimtazama, akakohoa, akasema kwa sababu ilibidi mtu aseme kitu:

"Watoto wako hao."

Velta aliegemea jembe.

"Ni watoto wazuri," alisema.

Wote wawili waliangalia chini, wakasubiri. Safari hii udongo ulichelewa. Ulichelewa mpaka Ilgvars akadhani haujasikia. Kisha ukatikisika mbele ya ncha ya kiatu cha Velta, ukatoa jiwe moja, la duara, halizidi kiazi cha mbegu.

Velta aliinama kwa shida, akaliokota, akalifuta kwa aproni, akaligeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Nilitegemea kubwa zaidi ya hili," alisema, akalitia mfukoni, akashika jembe.